Kiraka Kwenye Ubavu wa Konkodi

Bwana Royston Pendock aliinama juu ya ndege yetu ya plastiki mpaka pua yake ikakaribia kugusa rangi, kisha akanyooka na kusema, "Hicho kitu kitolewe."

Alikuwa ameelekeza kalamu ubavuni, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya mlango wa mbele. Hapo mimi na Edwin Bessell tulikuwa tumebandika asubuhi ile kipande cha plastiki chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Gundi ilikuwa bado haijashika sawasawa.

"Ni kiraka," nikamwambia.

"Naona ni kiraka. Kwenye michoro hakipo."

"Kwenye michoro hakipo. Kwenye ndege ya kweli kilikuwepo, na wewe unajua."

Akafunga kalamu yake akaitia mfukoni. Ana miaka themanini na saba, na bado huvaa kalamu tatu kifuani, kama enzi zile alipokuwa mkaguzi katika kiwanda cha ndege, akipita katikati yetu na koti lake jeupe na muhuri wake ukining'inia kwenye mnyororo. Siku hizi ni mwenyekiti wa klabu ya wastaafu, na bado anapita katikati yetu vilevile.

"Anasemaje?" akauliza Edwin, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa meza akitazama midomo yetu.

Edwin ni kiziwi. Sikio la kulia limekufa kabisa. La kushoto husikia kidogo, akivaa kifaa chake kinachopiga mluzi. Nikamwinamia upande huo nikapaza sauti. "Anasema rangi imekaa vizuri."

"Ahaa," Edwin akasema, akafurahi. "Mwambie bado tabaka mbili."

Huo ulikuwa uongo wangu wa pili kwa Edwin. Wa kwanza niliusema miaka arobaini na mitano kabla ya hapo, na ndio uliozaa kile kiraka.

Ndege yenyewe ilikuwa mfano wa Konkodi, ile ndege ya abiria iliyoipita sauti kwa kasi, kwa kipimo cha moja kwa arobaini na nane. Yaani kutoka pua hadi mkia ilifika karibu mita moja na sentimita thelathini, na hakuna meza ya nyumbani iliyoweza kuibeba. Tuliijengea klabuni, hapo Filton kilipokuwa kiwanda chetu, katika ule ukumbi mrefu mwembamba wa mchezo wa kuangusha pini za mbao kwa mpira, juu ya mbao tulizozilaza katikati ya njia ya mpira. Wachezaji wa pini walinung'unika majira yote ya baridi. Kila Jumanne na Alhamisi tangu Septemba mimi na Edwin tulikuwa pale, saa nne mpaka saa nane mchana, na katikati tunapumzika kwa chai.

Vifaa vya kuiunda havikuwa kama vile vya watoto, ambavyo unapachika tu. Sanduku lilikuja na karatasi kubwa za plastiki nyeupe, na kila umbo limevimba kutoka kwenye karatasi yake kama uso uliofunikwa shuka. Unalizungushia penseli, unalikata kwa kisu, halafu unalisugua juu ya msasa uliolowa maji, mpaka alama ya penseli iishe na wewe uishie hapo hapo. Ukizidisha nusu milimita, nusu mbili za mwili wa ndege hazikutani tena. Edwin ndiye aliyesugua. Vidole vyake hutetemeka akishika kikombe, lakini vikishika kazi vinatulia. Mimi nilishughulika na mabawa, kwa sababu aliyebuni lile sanduku aliyafanya bapa kama ubao wa kukatia mkate, na bawa la Konkodi si bapa popote. Linajipinda toka bega hadi ncha kama jani lililoanza kukauka. Niliyamwagia maji ya moto nikayapinda juu ya paja langu, jozi nzima, kwa macho tu. Niliungua. Nilichukia zaidi yule aliyebuni kuliko nilivyochukia maumivu.

Ndege ilikuwa itundikwe juu ya kaunta ya klabu Jumamosi ya tatu ya Machi, na chini yake kibao chenye majina ya mafundi wawili walioijenga. Kwa Edwin hilo halikuwa jambo dogo. Katika kazi yote ya Konkodi jina lake liliandikwa mahali pamoja tu, kwenye ripoti ya kasoro.

Nieleze ilivyokuwa.

Kazi ya ribiti, vile vijimsumari vya kuunganishia mabati, ni ya watu wawili wasioonana. Mmoja yuko nje na nyundo ya upepo, anaipiga ribiti kichwani. Mwingine yuko ndani ya mwili wa ndege, amejikunja kati ya mbavu, ameshika donge la chuma analolikandamiza kwenye mkia wa ribiti ili ujipanue na kushika. Huwezi kuongea kwa ajili ya kelele, kwa hiyo aliye ndani hugonga bati. Akigonga mara moja, ongeza kidogo. Mara mbili, imekaa. Mara tatu, imepinda, itoe, anza upya. Aliye ndani ndiye anayeona, kwa hiyo ndiye mwenye neno. Hata mkurugenzi hakuwa na neno juu ya yule wa ndani. Mimi nilikuwa nje. Edwin, kwa kuwa mwili wake ni mdogo, alikuwa ndani miaka saba, na masikio yake aliyaacha humo.

Asubuhi moja mwaka 1971 tulikuwa tunafunga mstari wa mwisho nyuma ya mlango wa mbele. Zilibaki ribiti kumi na moja. Wageni wa Kifaransa kutoka Toulouse, washirika wetu katika kuiunda Konkodi, walikuwa wanafika saa nne, na wakubwa hawakutaka Wafaransa wakute tundu hata moja wazi. Pendock alisimama nyuma yangu na saa yake mkononi. Nikapiga ribiti ya kwanza, na kutoka ndani Edwin akagonga mara tatu.

Nikashusha nyundo nichukue keekee, niitoboe niitoe. Pendock akaniinamia sikioni. "Endelea. Nimesikia mbili."

"Tatu, Bwana Pendock."

"Tovey, wewe umesoma shule ya jioni, sivyo? Unataka unyapara? Nimesikia mbili."

Mimi nilitoka shule nikiwa na miaka kumi na nne. Shule ya jioni nilikwenda miaka sita, siku tatu kwa wiki, nikitoka kiwandani na mafuta mikononi, nikajifunza hesabu za pembe na kusoma michoro huku wenzangu wako kwenye saida yao, ile pombe ya matofaa. Cheti nilikuwa nimekipata Julai. Nafasi ya unyapara wa zamu ilikuwa inakaribia kutangazwa. Nikaendelea.

Edwin aligonga tatu kwa ribiti ya pili. Akagonga tatu kwa ya tatu. Ilipofika ya saba alikuwa hagongi tena, anabamiza, na mimi nilikuwa nahisi yale mapigo yanapita kwenye bati yanaingia kifuani kwangu. Nilipiga zote kumi na moja. Pendock akaweka muhuri.

Wiki iliyofuata waliujaza mwili wa ndege upepo kuujaribu, ukavuja pale pale. Walipofungua wakakuta mikia ya ribiti imelala upande na matundu yamekuwa mviringo wa yai. Ikabidi libandikwe bati la ziada, na kila kiraka katika kazi ile kilikuwa na karatasi yake. Kasoro, sababu, jina la aliyehusika, sahihi, muhuri. Wakatuita ofisini. Pendock akasema mtu wa ndani alitoa ishara ya mbili. Wakaniuliza mimi.

Nikasema nilisikia mbili.

Edwin alikuwa amesimama pembeni yangu na kofia mkononi. Wakamuuliza yeye. Akasema, "Nilidhani niligonga tatu. Lakini kama Reuben amesikia mbili, basi niligonga mbili. Reuben hasemi uongo."

Walimpeleka stoo. Miaka kumi na saba aligawa glavu na vichwa vya keekee kupitia kidirisha, na hakugusa tena ndege. Mimi nikapata unyapara. Edwin alininunulia saida kunipongeza.

Basi wazo la kukiweka kiraka kwenye ndege yetu ya plastiki lilikuwa lake. Alikikata mwenyewe, akakipunguza kingo kwa msasa mpaka kikawa chembamba kama ganda la kitunguu. Mimi nilidhani anataka kumkera Pendock, nikafurahi. Sikumuuliza.

Siku ile Pendock aliposema kitolewe, alinisubiri kwenye korido karibu na makoti.

"Reuben," akasema. Hajawahi kuniita Reuben. "Kamati haitatundika kitu chenye kasoro. Ile ni Konkodi, si baiskeli ya posta. Watu watauliza kile ni nini."

"Wacha waulize."

"Na utawajibu nini? Mimi nilikuwa na muhuri tu. Aliyeshika nyundo ni wewe. Aliyesema mbili ofisini ni wewe pia. Ukianza kuchimba shimo, angalia nani ataingia."

Nilitaka kumpiga. Mzee wa miaka themanini na moja nikapima umbali wa kidevu cha mzee wa themanini na saba. Lakini alikuwa amesema kweli, na hakuna kinachochoma kama kweli ikitoka kwenye mdomo ule. Nikachukua koti langu. Nyumbani nilimenya viazi kwa hasira mpaka vikabaki kama njegere, nikala mkate.

Jumanne nilipofika klabuni Edwin alikuwa ameshatangulia. Alikuwa ameketi mbele ya ndege, kidole chake cha shahada kinatembea taratibu ubavuni. Kinakwenda, kinarudi. Nilipokaribia nikaona. Kiraka kilikuwa kimeng'olewa, pamesuguliwa, pamepakwa rangi nyeupe juu. Na hata hiyo rangi si ya kwetu, ilikuwa na umanjano. Mkaguzi mzima, hajui nyeupe.

"Kimetoka," Edwin akasema.

"Hakikutoka. Kimetolewa."

"Na nani? Royston?" Akaitikia kwa kichwa kabla sijajibu. "Basi ni sawa. Ana haki, ni mwenyekiti. Watu wanakuja kutazama kitu kizuri."

"Edwin, si sawa."

"Sikutaka kuwaudhi." Alikuwa bado anapapasa mahali pale. "Nilitaka tu isiwe tunadanganya. Nikajiambia, Bessell, ile kasoro ni yako, na sasa utaandikwa kwenye kibao kama fundi. Ukiandikwa kama fundi na kasoro yako umeificha, wewe ni mtu wa namna gani? Ndiyo maana nilikiweka. Kionekane. Mtu akiuliza, nitamwambia, ni mimi, mkono wangu uligonga vibaya."

Nilikaa chini. Naona mtu akisoma hapa atadhani nilihuzunika. Sikuhuzunika. Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na nusu yake sikujua niielekeze wapi. Nilimkasirikia Pendock na brashi yake, na wale Wafaransa, ambao mwisho wa yote walipitia mlango mwingine wakaenda moja kwa moja kula. Nilimkasirikia hata Edwin kwa kuniamini namna ile, utadhani kuaminiwa ni kitu ambacho mtu ameniwekea mgongoni bila kuniuliza. Na huyo mwingine wa kukasirikiwa alikuwa mimi mwenyewe, niliyekaa ndani ya suruali yangu.

Saa tano ilikuwa chai. Watu waliingia, kina mama wa mchezo wa pini na wastaafu watano au sita. Doreen, mke wa Edwin, alikuja na keki yake akaanza kuikata. Pendock alikuwa kwenye kiti chake karibu na mtambo wa kupasha moto, anasoma gazeti. Nikamwendea Edwin upande wa kushoto.

"Edwin. Ile siku ya mstari wa mwisho. Uligonga tatu."

"Nini?" Kifaa kikapiga mluzi. Akakizungusha kwa kidole.

"Nasema uligonga tatu."

"Sisikii, Reuben. Hawa wanapiga kelele na vikombe. Sema kwa nguvu."

Kama angekuwa na masikio, ningemwambia pembeni, mimi na yeye tu, na pengine ningechagua maneno laini. Lakini masikio yake yalibaki ndani ya ile ndege, kwa hiyo ilibidi niseme jambo lile kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya uwanja.

"Uligonga tatu. Zote kumi na moja uligonga tatu. Mimi nilisikia tatu, na Pendock alisikia tatu. Nilidanganya ofisini."

Vikombe vikatulia. Mama mmoja alikuwa ameshika kipande cha keki karibu na mdomo akabaki hivyo hivyo.

Edwin alinitazama midomo hata baada ya midomo kufungwa. "Ulisikia ngapi?" akauliza.

Niligonga meza, mara tatu.

Aligeuka kwa Pendock, polepole, na kiti chake chote. "Na wewe?"

Pendock alikunja gazeti. "Bessell, yaliyopita yamekwenda."

"Sikuuliza yamekwenda wapi. Nimeuliza ulisikia ngapi."

"Kulikuwa na kelele nyingi. Nilikuwa na ndege ya kukabidhi, nilikuwa na wageni mlangoni. Nyinyi mliona ribiti, mimi niliona ratiba nzima." Akatazama watu, akitafuta mmoja wa kumwunga mkono. "Na iliruka, haikuruka? Ilibeba watu miaka mingapi na kile kiraka? Hakuna aliyeumia."

"Yupo," Doreen akasema.

Alikuwa ameshika kisu cha keki. Alikuja mpaka nilipokaa akasimama mbele yangu, mama mfupi mwenye sweta ya kijani. "Reuben Tovey, umekula keki yangu ya Krismasi miaka arobaini na mitano."

"Arobaini na minne," nikasema. "Mwaka mmoja nilikuwa hospitali."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ni tabia yangu ya kusahihisha hesabu. Doreen alinitazama kwa namna ambayo naiona mpaka leo nikifumba macho.

"Wewe hujui ile wiki ilikuwaje," akasema. "Alikuwa anarudi kutoka kazini anakaa jikoni kwangu anagonga meza. Mbili. Tatu. Mbili. Tatu. Ananiambia, Doreen, fumba macho, nambie nimegonga ngapi. Namwambia tatu. Anasema, una hakika? Jioni nzima, mpaka chakula kinapoa. Alikuwa anaupima mkono wake. Nilidhani amerukwa na akili."

"Na mimi nilidhani hivyo," Edwin akasema. Nadhani alisoma midomo ya mkewe. Hakupaza sauti. Aliinuka, akashikilia ukingo wa meza, akavaa koti, akafunga vifungo vyote bila haraka, na watu wote wakamsubiri afunge. Mlangoni akageuka. "Ningekuelewa," akaniambia. "Hicho ndicho kinachoniudhi. Ungeniambia wiki ile ile kwamba unataka unyapara, ningekuelewa."

Wakatoka, yeye na Doreen, na wengine baada yao. Keki ikabaki mezani na hakuna aliyeigusa.

Nilibaki na Pendock. Akasema, kwa ile sauti ya kamati, "Ndege itatundikwa Jumamosi kama ilivyopangwa. Kama ilivyo."

Nikaenda kwenye meza. Pua ya Konkodi, kama kila mtu anavyojua, hushuka na kupanda, na katika ndege yetu pia ilikuwa kipande cha peke yake, bado hatujaifunga. Niliichukua nikaitia mfukoni. "Tundika," nikamwambia.

Jumamosi hawakutundika. Konkodi bila pua ni kama jogoo bila kichwa. Nasikia Pendock alitoa tangazo kuwa kipande kimeibwa, na kamati ikafanya kikao.

Wiki mbili nilikwenda kila Jumanne na kila Alhamisi. Hakuna aliyeketi nami. Wastaafu wenzangu walikuwa wananisalimia kwa kichwa tu, na mmoja, Percy Stinchcombe, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika nyundo, alihamisha kikombe chake kwenda meza nyingine. Sikumlaumu. Nilisugua rangi ya Pendock yote mpaka plastiki ikaonekana. Nikapaka nyeupe yetu. Nikakata kiraka kipya, lakini kila nikikishika nilikuwa nakiweka chini.

Alhamisi ya wiki ya pili mlango ulifunguka akaingia Edwin. Hakusalimu. Alivua koti, akaketi mahali pake, akanyoosha mkono. Nikampa kile kiraka. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia.

Nikapaka gundi, nikakibandika ubavuni. Akaingiza vidole viwili ndani ya mwili wa ndege, kupitia pale pua ilipotakiwa kuwa, akakandamiza kutoka ndani. Kwa mkono mwingine akapapasa nje. Kisha akagonga meza mara tatu.

Nikakitoa. Nikasafisha gundi, nikakata kingine.

Akagonga tatu.

Cha tatu mimi nilikiona kimekaa sawa kabisa. Ningeweza kuapa. Akagonga tatu, tena kwa nguvu, kikombe kikaruka. Nikamtazama, naye akanitazama bila kupepesa, na nikaelewa kwamba labda kilikuwa kimepinda na labda hakikupinda, na kwamba mimi si mtu wa kuuliza. Nikakitoa. Cha nne, tatu. Cha tano, tatu. Shingo iliniuma, hasira ikanipanda, nikaimeza, ikapanda tena. Saa ya chai ikapita. Nilikuwa nakata na kusugua kama mwanagenzi wa wiki ya kwanza, mbele ya kina mama wa pini ambao hata hawakujifanya hawatazami. Viraka nilivyovitoa vilikuwa kumi. Sikuvihesabu ila baadaye, nilipokuwa nafagia.

Cha kumi na moja alikipapasa muda mrefu. Kisha akagonga mara mbili.

"Sikuja kwa ajili yako," akasema.

"Najua."

"Usidhani nimekusamehe. Doreen hataki hata nikutaje nyumbani."

"Sawa."

Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akainyoosha mezani kwa kiganja. Ilikuwa karatasi ya kasoro, ile ya kiwandani kabisa, tupu, yenye mistari ya bluu iliyopauka. Miaka kumi na saba stoo, lazima alitoka na kitita chake. Akasukuma kalamu kuelekea kwangu.

Nikaandika. Kasoro: ribiti kumi na moja zimepinda, nyuma ya mlango wa mbele, kushoto. Sababu: fundi wa ndani alitoa ishara ya kutoa. Fundi wa nje aliisikia akaendelea. Mkaguzi aliisikia akaamuru kuendelea. Nikaandika jina langu lote, Reuben Albert Tovey, na sahihi. Edwin akasoma akifuatisha kwa kidole.

"Tarehe," akasema.

Nikaandika tarehe. Halafu nikaikunja karatasi iwe nyembamba, nikatoa pua mfukoni. Nilifikiri tuitie ndani ya mwili wa ndege kabla ya kuifunga pua, ikae humo milele, na nikaona kuwa ni wazo zuri.

Edwin alitazama ile pua. "Kwa hiyo mwizi ni wewe," akasema. Kisha akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunjua. "Ndani hapana. Ndani nimekaa miaka saba, panatosha. Hii iende ukutani."

Ndege ilitundikwa Aprili, na kiraka chake kinaonekana vizuri ukiwa umesimama upande wa kushoto wa kaunta. Chini yake kuna kibao, na kando ya kibao kuna karatasi ile kwenye fremu niliyoinunua mwenyewe. Pendock alipeleka hoja kwenye kamati iondolewe, akashindwa kwa kura nne. Kila Ijumaa anaipita akienda kuchukua saida yake. Pembeni, chini ya sahihi yangu, kuna kisanduku kidogo kilichochorwa kwa ajili ya muhuri wa mkaguzi. Yeye muhuri wake bado anao, uko kwenye mnyororo wa funguo zake, nimeuona. Kisanduku kiko wazi.